Dereva anahatarisha watu: upige simu polisi au unyamaze?

Mwezi wa saba, kama saa mbili asubuhi, mdogo wangu alinipigia akiwa ndani ya basi la kutoka Iringa kuja Mbeya. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. "Dada, huyu dereva atatuua. Huku Nyololo kuna ukungu, mbele huoni kitu, na ameovateki malori mawili kwa mpigo. Nipige polisi? Mwenzio naogopa, wataniona mnoko."

Nilimwambia akate simu, atoe tiketi kwenye pochi, anitumie meseji yenye namba ya basi iliyoandikwa pale juu. Mengine angeniachia mimi. Nitaeleza baadaye nilichofanya, maana kuna namna ya kufanya jambo hili na kuna namna ya kuliharibu. Mimi nimewahi kuliharibu.

Nauza vitenge. Nachukua mzigo Tunduma, nauzungusha Mbeya, Makambako, Mafinga hadi Iringa mjini, na barabara hii ndiyo maisha yangu kwa miaka kumi na kitu sasa. Kwa hiyo ninapoandika hapa siandiki kama mtaalamu wa sheria. Naandika kama abiria.

Kwanza niseme kwa nini siulizi tena kama nipige au nisipige. Miaka kadhaa nyuma nilipanda Kosta Makambako kurudi Mbeya. Dereva alikuwa kijana, simu iko sikioni, mkono mmoja kwenye usukani, anabishana na mtu kuhusu hela. Tulipopita Halali akatanua kwenye kona, likatokea lori mbele yetu, akachomekea kurudi upande wake kiasi kwamba mizigo ya juu ilihama tukaisikia. Watu wakaguna tu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja ana mtoto mgongoni. Tulikuwa tumegawana ndizi tangu stendi. Aliniangalia, nami nikamwangalia, hakuna aliyefungua mdomo.

Nilishuka Igurusi kwa sababu nilikuwa na mchele wa kuchukua. Nakumbuka nilivyokanyaga chini nikasema kwa sauti, "Ahsante Mungu, nimefika." Gari likaondoka. Simu ilikuwa mkononi mwangu, ina chaji, ina salio. Ile Kosta iliacha njia baada ya kupita Inyala. Hakufa mtu, lakini yule mama nilikutana naye miezi mingi baadaye Mwanjelwa, mkono wa kulia haukunjuki tena. Alinitambua yeye kwanza. Akaniambia, "Dada yangu, wewe ulishuka." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekumbuka tu jinsi safari ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo najua kwamba simu ile hupigi kwa ajili yako. Wewe pengine utashuka kituo kinachofuata. Unapigia waliobaki garini, na wale ambao bado hawajakutana na gari hilo: mtoto anayevuka pale Chimala, mwenye bajaji Uyole, familia iliyo kwenye Noah inayokuja upande wa pili. Barabara yetu ni nyembamba, inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na haisamehe. Wenyeji wa huku hatujasahau Changarawe pale Mafinga, Machi 2015, kontena lilipolilalia basi na watu zaidi ya 40 wakapotea kwa mara moja.

Sasa namna ya kufanya. Namba ya gari ndiyo kila kitu. Askari hawezi kusimamisha "basi la bluu linalokimbia". Mimi nina tabia ya kupiga picha namba ya gari kabla sijapanda, hasa Kosta na Haisi ambazo hazina tiketi ya maana. Basi kubwa namba iko kwenye tiketi. Ukishakuwa ndani, dereva ameshaanza vituko, huwezi tena kwenda mbele kusoma namba.

La pili, piga mbele, usipige nyuma. Hili watu wengi hawalijui. Mdogo wangu alikuwa Nyololo, bado ni mkoa wa Iringa, lakini basi lilikuwa limeshaipita Mafinga. Ukiwapigia Mafinga unawapigia watu ambao gari limeshawaacha. Mimi nilipiga kwa usalama barabarani Njombe, kwa sababu Makambako ni Njombe, na ndiko basi lilikokuwa linakwenda. Vivyo hivyo ukiwa Halali, fikiria Igawa, maana pale ndipo unaingia Mbeya. Mabasi mengi ya mikoani yana stika ndani zenye namba za simu za wakuu wa usalama barabarani wa mikoa. Zinakili kwenye simu ukiwa umetulia, siku ambayo hakuna tatizo. Ukikosa kabisa, 112 ni ya dharura na haikati salio.

La tatu, sema alichofanya, usitoe hukumu. "Anaendesha vibaya" ni maneno matupu. Sema: basi namba fulani, limetoka Nyololo dakika tano zilizopita, linaelekea Makambako, limeovateki malori mawili kwenye ukungu, abiria wanalalamika. Kama ni mwendo, hesabu. Mabasi na malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na penye makazi mwisho ni 50. Huhitaji tochi ya trafiki kujua. Angalia vibao vya kilometa pembeni ya barabara na saa ya simu yako: kutoka kibao kimoja hadi kingine kwa sekunde 45, huo ni mwendo wa 80. Sekunde 36 ni 100. Mimi niliwahi kuhesabu sekunde 29 tambarare ya Usangu, nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea. Ukimwambia askari "nimehesabu kilometa tatu, kila moja chini ya nusu dakika", anajua anaongea na mtu mzima.

Na usiongeze chumvi. Kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa kisheria, lakini hata bila sheria, unamharibia mwenzio atakayepiga kesho akiwa na shida ya kweli. Dereva aliyekunyima chenji, konda aliyekutolea maneno, gari lililochelewa kuondoka stendi, hayo si ya kupigia trafiki. Wala si kila kosa moja. Binadamu hukosea gia, hukosea kona. Ninachokiangalia ni kurudia: ameonywa, akarudia.

Ndiyo maana kabla ya simu huwa najaribu mdomo. Lakini nimejifunza kwamba sauti yangu peke yangu haifui dafu. Namwomba mzee aliye jirani. Mzee wa Kihehe akisimama akasema taratibu, "Mwanangu, punguza, tumebeba watoto humu," dereva wengi hupunguza, kwa aibu kama si kwa woga. Asipopunguza hapo, ndipo natoa simu.

Sasa nieleze nilivyoliharibu. Ilikuwa safari nyingine, nimepanda Iringa, na nilipiga simu nikiwa kwenye kiti changu, kwa sauti, kwa hasira, kila mtu anasikia. Kwenye kizuizi cha mbele tukasimamishwa. Askari mmoja, sitataja ni wa wapi, akaingia mlangoni akauliza, "Nani aliyepiga simu?" Macho yote yakanigeukia. Dereva akaandikiwa faini ya shilingi 30,000, tukaendelea. Konda alinitukana kuanzia pale hadi Uyole. Kilichoniuma zaidi ni abiria. Walionung'unika kwa uoga nusu saa nyuma ndio walionisema kwamba nimewachelewesha, kwamba natia mchanga kitumbua cha mtu. Nilishusha mabegi yangu mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Tangu hapo sipigi nikiwa ndani. Namtumia ndugu aliye nje meseji, yeye ndiye anapiga. Askari akiuliza jina, anatoa la kwake na kuomba lisitajwe kwa dereva. Kila mtu anayesafiri barabara hii awe na mtu mmoja wa namna hiyo nyumbani, anayejua kwamba meseji yenye namba ya gari na jina la mahali ina maana gani. Kwa mdogo wangu, mtu huyo nilikuwa mimi. Basi lao lilisimamishwa Makambako, dereva akashushwa akahojiwa kama dakika ishirini, na kutoka pale, anasema, walienda mwendo wa kawaida hadi Mbeya. Abiria waliulizana nani kapiga. Yeye alikuwa anaangalia dirishani.

Kuna wanaoniambia haina maana, trafiki atapewa kitu kidogo na gari litaondoka. Inatokea, sitabisha. Lakini dereva aliyesimamishwa, hata akiachiwa, ameshajua kwamba kuna jicho ndani ya gari lake. Na kwa mabasi kuna mlango mwingine: LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wana mfumo unaofuatilia mwendo wa basi barabarani, kwa hiyo ukiwapelekea namba na saa, wanaweza kuangalia wenyewe kama unasema kweli. Mimi hupeleka kote kuwili.

Malori yanayoteremka Iwambi au Mlima Nyoka huku yanatoa moshi kwenye matairi, hapo hakuna cha kujadili. Kaa mbali nayo na piga 112 papo hapo. Kama wewe ndiye unayeendesha, mpe simu mwenzio au simama kwanza.

Lililo gumu kuliko yote ni unapomjua dereva. Mtaani kwetu kulikuwa na baba anayebeba wanafunzi kwa Haisi, kati yao mwanangu. Mtu mwema, anasaidia misibani, mkewe mteja wangu wa mkopo. Alianza kunywa asubuhi. Nilisikia harufu siku ya kwanza nikajiambia ni ya jana. Siku ya tatu nilimwona akigusa ukuta ili afungue mlango wa gari, na ndani mlikuwa na watoto kumi na wawili, wengine hawajafika darasa la pili.

Nilimtoa mwanangu. Hilo lilikuwa rahisi. Usiku sikulala, kwa sababu kumtoa wangu peke yake kulikuwa ni kushuka Igurusi tena. Asubuhi nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia mbele ya mkewe, "Shemeji, leo usiendeshe." Alicheka, akasema nimezidisha. Nikampigia trafiki nikiwa bado nje ya geti lake, wakampata kabla hajachukua mtoto wa pili, wakampima kwa kile kipimo cha kupuliza.

Alinyang'anywa gari na mwenye gari, akakaa bila kazi karibu mwaka. Mkewe alikuja dukani akalia, akaniuliza, "Mwaya, ungeshindwa kuniambia mimi kwanza?" Sikuwa na jibu zuri. Pengine ningeweza kumwambia siku ya kwanza, ile ya harufu, na hapo isingefika polisi. Hilo najilaumu nalo, na nakushauri wewe usisubiri siku ya tatu. Lakini simu yenyewe sijawahi kuijutia hata siku moja.

Deni lake la vitenge nililifuta. Hakuja tena kununua. Mtoto wao wa mwisho sasa anasoma na wa kwangu, wanapanda Haisi moja, na asubuhi huwa tunasimama wote wawili pale njia panda, yeye upande wake mimi upande wangu, mpaka gari lipinde kona.