Madison hakuhama chama, wadogo zangu

Juzi nilikaa nyuma kwenye semina ya historia ya Marekani, mwaka wa pili, kundi la nne linawasilisha habari za James Madison, mbunge wa Virginia aliyekuja kuwa rais wa nne wa Marekani. Dogo mmoja, shati limenyooka, sauti kama ya mtangazaji wa mpira, akatamka bila kupepesa: "Mwaka 1791 James Madison alihama chama cha Federalisti akajiunga na Republican." Nikafumba macho. Makundi mawili kabla yake yalishasema hivyohivyo. Na mimi nilishasema hivyohivyo, chumba hichohicho, chini ya feni ileile isiyozunguka. Basi kaeni niwaambie, maana UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakaribia na sina nguvu ya kusahihisha kosa langu mwenyewe mara mia na ishirini.

1. Kabla ya kuamini jina, uliza mwaka.

Kundi letu lilikuwa la watu sita, alama moja kwa wote. Nilijitwalia kipande cha Madison kwa sababu nilikuwa na madesa ya kaka mmoja aliyeshamaliza. Madesa yalisema: "Mafederalisti: Hamilton, Jay, Madison." Na kweli, hao watatu ndio walioandika zile makala 85 za 1787 na 1788 za kutetea katiba mpya. Ila wakati ule Federalisti hakikuwa chama. Lilikuwa jina la upande, watu wanaotaka katiba ipite. Ikapita, hoja ikaisha. Mimi nikaliona jina mwaka 1788, nikaliona tena 1796, sasa likiwa la chama, nikadhani ni mtu yuleyule kabadilisha kofia. Nikachora mshale mwekundu kwenye manila, kutoka Federalisti kwenda Republican, juu yake nikaandika ALIHAMA kwa herufi kubwa.

Mhadhiri wetu, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akauliza: "Mwanangu, alihama kutoka chama kipi? Ofisi yake ilikuwa wapi?" Nikajibu, New York. Darasa halikucheka. Lingecheka ningeshukuru. "Na alichohamia?" Republican, mwalimu, kile cha Lincoln. "Na Jefferson, kiongozi wa hao Republican wa Madison, alifariki lini?" Hilo nilikuwa nalo kichwani: 4 Julai 1826. "Na chama cha Lincoln kilianza lini?" Na hilo nilikuwa nalo: 1854. Nikajisikia nalitamka, na nilipofika "nne" nikaelewa nimefanya nini. Wale wa Jefferson walijiita Marepablikani, ndiyo, lakini ukoo wao unaelekea kwa Wademokrati wa Rais Jackson, si kwa Lincoln. Tukapata 6 kati ya 15. Mwenzangu mmoja hakunisemesha wiki mbili. Leo ndiye rafiki yangu wa karibu, na kwenye simu yake bado ameniandika "Madison Kahama". Kwetu Masasi, Kahama sijawahi hata kupita.

Kilichotokea ni pesa. Januari 1790 Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya vita ya majimbo, aliyoyakadiria dola milioni 25. Virginia, kwao Madison, walikuwa wameshalipa sehemu kubwa ya lao. Kwa nini wachangie la jirani? Mwaka uliofuata ikaja hoja ya Hamilton ya Benki ya Taifa, mtaji dola milioni 10, na Madison akasema katiba haikutoa ruhusa hiyo. Hapakuwa na chama cha kuhama. Vyama vyenyewe, Federalisti cha Hamilton na Republican cha Jefferson na Madison, vilizaliwa kwenye ugomvi huo, na yeye alikuwa mmoja wa wakunga.

2. Ukisoma "chama", sahau kadi na sare.

Sisi tumezoea mwenyekiti wa tawi na bendera barazani. Miaka ya 1790 tafuta magazeti, barua na orodha za kura bungeni. Jefferson akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alimpa mshairi Philip Freneau kazi ya kutafsiri wizarani, dola 250 kwa mwaka, na Freneau huyohuyo Oktoba 1791 akaanzisha gazeti la kumchapa Hamilton. Waziri analea gazeti linaloisema serikali anayoitumikia! Hamilton alipong'amua, naye akaingia magazetini kwa majina ya kubuni. Usimhurumie sana, mhariri wa upande wake naye alikuwa anakula kazi za uchapaji za serikali.

3. Usifungue jibu kwa hotuba ya Washington ya kuaga, 1796, ya kuonya dhidi ya vyama, bila kutaja kwamba sehemu kubwa ya rasimu iliandikwa na Hamilton.

4. Mkataba wa Jay, 1794, kati ya Marekani na Uingereza: usome wenyewe, si muhtasari.

5. Kwa uchaguzi wa 1800 msiandike "mgombea mwenza" kama wa sasa.

Kila mjumbe wa uchaguzi, yaani wale wa majimbo wanaomchagua rais, alikuwa na kura mbili, bila kuonyesha ipi ya rais. Marepablikani walitii chama kupita kiasi, hakuna aliyekumbuka kumnyima kura moja Aaron Burr, waliyemtaka awe makamu, wakatoka Jefferson 73, Burr 73. Shauri likaenda bungeni, kila jimbo kura moja, zikihitajika 9 kati ya 16. Jefferson akakwama kwenye 8 mara thelathini na tano. Hamilton, adui yake, akawa anawaandikia Mafederalisti wenzake kwamba afadhali Jefferson kuliko Burr. Mara ya 36, tarehe 17 Februari 1801, Bayard, mbunge Mfederalisti wa Delaware, na wenzake wakalegeza, Jefferson akapita. Ndiyo maana marekebisho ya 12 ya katiba, 1804, yakatenganisha kura hizo mbili. Chama kilikuwa kimeizidi katiba umri, ingawa katiba ndiyo ilizaliwa kwanza. Sentensi hiyo mnaweza kuiiba, ila msiiandike nyote sita.

6. Yule dogo wa shati lililonyooka: uje ofisini, sijakukasirikia. Manila yangu ninayo bado, mshale haujafutika. Uje na flashi yangu pia.