Midoli yangu inakatika mikono, nakosea wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Mafinga, tulibomoa nyumba ya babu, mbao za milango na fremu nikazibeba mimi, wazee wanasema ni mninga, sasa nawachongea wanangu midoli. Kichwa na mwili vinatoka fresh kabisa ila mikono nikiichonga imenyooka pembeni inakatika tu, huu mdoli wa nne sasa. Halafu nikipiga msasa napiga chafya mpaka machozi. Mbao imezeeka au mimi ndo sijui?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbao haina kosa, wenzio hapo wamezungukwa na mipaina ya Sao Hill lakini mninga mkavu namna hiyo wanausikia tu, ulishanywea na kupinda kitambo, sio kama mbao mbichi unachonga leo kesho ina ufa.

Chukua mkono uliokatika uangalie pale ulipoachia. Si umeachia laini, kama kuni iliyopasuliwa na shoka? Nyuzi za mbao yako zinashuka kutoka kichwani kwenda miguuni, kwahiyo mkono ukiutoa pembeni unashikiliwa na vinyuzi vifupifupi tu, ukidondoka kwenye simenti basi. Dawa ni mbili. Mikono ibane mbavuni, mimi ndo napenda hivyo, mchonge kajifunika blanketi kama bibi wa Njombe asubuhi, nani atauliza mikono iko wapi? Au chonga mkono peke yake nyuzi zifuate urefu wake, toboa begani, unganisha kwa kijiti cha mninga huohuo na gundi ya mbao.

Hiyo chafya ni vumbi la mninga, linasumbua wengi, mpaka kifua. Vaa barakoa, fanyia nje.

Ila fremu zilipakwa rangi? Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto mdoli anautia mdomoni, kwahiyo kipande chenye rangi usikichongee wala usikipige msasa, na mama asikichukue akapikie. Tumia visivyowahi kupakwa. Pitisha sumaku kwanza, msumari uliozama ndani utakumalizia patasi.

Ukimaliza paka nta ya nyuki, vanishi achana nayo. Na wale wanne usiwatupe, toboa mabega uwachongee mikono mipya.