Sensa za MIDI kwenye piano ya nyuzi: je, mguso utaharibika?

Swali: Fundi, nina piano ya nyuzi ya kusimama, nami naipenda sana kwa wepesi wa mguso wake. Nataka ninachopiga kiingie kwenye kompyuta kwa MIDI, yaani lugha ya kidijitali ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huelewana kwayo, na usiku nipige kwa hedifoni bila kusikika. Nikifunga sensa, mguso utaharibika?

Jibu: Sensa hazitauharibu, mradi uchague za mwanga. Ukanda wenye sensa za vitufe vyote 88 hulazwa chini ya vitufe. Kila sensa hurusha mwanga wa infraredi na kupima jinsi unavyorudi kutoka upande wa chini wa kitufe. Hakuna kinachokigusa, basi hakuna uzito unaoongezeka. Swichi za mpira ni habari nyingine: kitufe huzibonyeza, na kidole chako kitazihisi.

Kazi kubwa iko kwenye vipimo. Kitufe hushuka takriban milimita 10 tu. Ndani ya safari hiyo fupi kifaa hupima muda ambao kitufe kimetumia kutoka alama moja hadi nyingine, kisha hugeuza muda huo kuwa namba ya nguvu, 1 hadi 127. Kama vitufe vyako havilingani kwa kimo au kwa kina cha kushuka, noti mbili ulizozipiga sawasawa zitatoka moja kali, nyingine hafifu, nawe utailaumu sensa bure. Kwa hiyo piano isawazishwe kwanza, ukanda ufungwe baadaye, halafu kila kitufe kipimwe peke yake. Unyevu wa hewa ukibadilika mti nao husogea. Rudia vipimo kila unapoona noti zimeanza kupishana kwa nguvu.

Kuhusu usiku: sensa hazinyamazishi piano. Unahitaji mwamba, yaani ufito uliokingama wenye felti (kitambaa kinene cha sufu), unaozizuia nyundo kabla hazijafika kwenye nyuzi, na hapa ndipo ninapokuomba ufikiri mara mbili. Kwa kawaida nyundo huachiwa, yaani kitufe huacha kuisukuma, ikiwa imebakiza milimita chache kufikia uzi. Ukiweka mwamba, ni lazima iachiwe mapema zaidi, la sivyo itabanwa kwenye mwamba huku bado inasukumwa. Kuachiwa mapema huko ndiko kunakopunguza udhibiti unapopiga polepole, yaani ule mguso unaoupenda. Mimi ningeanza na sensa peke yake. Kama pedali ya katikati ya piano yako hushusha felti mbele ya nyuzi, itumie usiku: sauti haitaisha kabisa, ila itapungua sana, na hutakuwa umebadilisha chochote kwenye mtambo.

Usisahau pedali ya kulia. Inataka sensa yake, na katika MIDI hutumwa kwa amri ya udhibiti namba 64. Tafuta inayosoma mwendo wote wa pedali, maana ile inayojua kukanyaga na kuachia tu haitaiona nusu pedali, yaani pedali iliyokanyagwa nusu tu, hata kidogo.