CRP 96 ya mama: usiisome peke yake (yangu ilianza na 7)

Dada, umeuliza kama CRP (C-reactive protein, protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili ukishambuliwa) ya mama kusoma 96 maana yake ni saratani, maana daktari alisema tu "kuna kitu mwilini" akaita mgonjwa mwingine. Mimi ni mtu wa maabara hapa Tanga, lakini somo hili nililipata kwa mguu wangu.

Mwaka juzi nilifuata samaki Sahare alfajiri, nikakanyaga msumari. Nikaosha kidonda, nikachoma sindano ya pepopunda, nikaingia kazini. Saa nne asubuhi mguu unapwita, nikajitoa damu kwa udadisi tu: CRP 7. Nikajiona mdeko. Kesho yake jioni unyayo umeiva, homa inanitetemesha. Nikarudia: 148.

Kosa langu lilikuwa haraka. Seli za ulinzi zikikutana na bakteria humwaga vijumbe vya kemikali, kikiwemo intalukini-6, ambacho hufika kwenye ini na kulibadilishia kazi: albumini, protini ya kila siku ya damu, inapungua, CRP inafyatuliwa. Hiyo huanza kupanda baada ya muda wa saa 6 hivi na kufika kileleni siku ya pili. Saa nne ile ini langu lilikuwa bado halijapata habari.

Na CRP si kengele tu, nayo inapigana. Hunata kwenye fosfokolini, kemikali iliyo juu ya bakteria, na kwenye seli zetu wenyewe zilizokufa, kisha huamsha protini za ulinzi ziitwazo komplementi ili makrofaji, zile seli walaji, waje kumeza. Watafiti Tillett na Francis waliiona New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Ile herufi C, kabla hujaihusisha na saratani, ni ya "sukari C" iliyo kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia. Basi.

Nilipoanza dawa, siku ya nne ikasoma 61, siku ya kumi 4. CRP ni kama mji wetu: waja leo waondoka leo. Ini likiacha kuitengeneza, nusu ya iliyomo kwenye damu hupotea kila saa 19 hivi. ESR yangu, kipimo cha kasi ya seli nyekundu kuzama kwenye mrija, ndiyo ililowea, wiki tatu bado iko juu, kwa sababu fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) iliyopanda hugandanisha seli nyekundu zikazama upesi, na yenyewe haina haraka ya kuondoka. Mwenzangu wa zamu aliiona ESR akataka niongezewe dozi. Nilikataa, na mguu ulikuwa umeshapoa.

Sasa mama. 96 haitaji jina la ugonjwa. Maambukizi ya bakteria, malaria, baridi yabisi, upasuaji wa juzi, vyote huipandisha. Saratani nayo inaweza, lakini namba hiyo peke yake haikupi sababu ya kuitaja. Mwombe daktari kipimo kirudiwe baada ya siku mbili tatu, tena maabara ileile. Ikishuka huku akipata nafuu, dawa inashika. Ikigoma au ikipanda, hapo ndipo watafute kwa bidii, na usikubali kurudishwa nyumbani na panadoli.

Umegusia pia kwamba damu yake ni pungufu ila ferritini, protini inayotunza akiba ya chuma, ni nzuri, ndiyo maana mnabishana nyumbani juu ya vidonge vya chuma. Hapo wengi tunateleza. Uvimbe ukiwaka (yaani mwili ukipambana, si uvimbe wa saratani), ini hutoa homoni ya hepsidini, inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo na kukifungia kingine ndani ya makrofaji, bakteria wasikipate. Basi uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, unakosa chuma wakati ghala limefungwa. Na ferritini yenyewe hupanda na uvimbe, kwa hiyo hiyo "nzuri" inaweza kuficha upungufu wa kweli. Isomwe pamoja na CRP, au ipimwe tena uvimbe ukitulia.

Niambie: siku alipotolewa damu alikuwa ameumwa tangu lini? Na viungo vya vidole vinamkaza asubuhi?