Barua kwa mwanangu: kuhusu wanafiki na Mahakama ya Juu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimeona swali lako halifai kujibiwa kwa simu. Umeniuliza inakuwaje mimi, ambaye sijawahi kukuficha kwamba dini yetu imekiharamisha kitendo cha ushoga, niseme mbele ya wajomba zako kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua sawa katika kesi ya mashoga, kisha niwaite wanafiki wanasiasa wanaotamka yale yale ninayoyaamini. Umeuliza kwa adabu, lakini nimekuelewa: unataka kujua kama mnafiki si mimi.

Kwanza tujue kilichoamuliwa, kwa maana wengi wanaokilaani hawajakisoma. Mwaka 2013 Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na bodi iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ikamkatalia. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda tena Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu wa Mahakama ya Juu, wenzao wawili wakiwapinga, walishikilia kwamba haki ya kuungana na wenzako katika chama ni ya kila mtu, kama kinavyosema Kifungu cha 36 cha Katiba. Ni hilo tu. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inayomtishia mtu kwa kifungo cha miaka 14 haikufutwa. Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuifuta Mei 2019. Hata hivyo, siku chache baada ya hukumu, Rais Ruto alisema kwamba anaiheshimu mahakama lakini ndoa za jinsia moja haziwezekani Kenya. Ndoa nani alikuwa ameiomba?

Chuoni tulifunzwa kwamba miongoni mwa alama za mnafiki ni kuwa akiahidi huvunja. Mbunge huapa kuitii na kuilinda Katiba. Katiba hiyo hiyo inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika mabaraza ya waliochaguliwa, na Bunge likaikalia sheria ya kulitekeleza jambo hilo mpaka Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa, na wala sikusikia yeyote akilia kwamba taifa limeangamia. Lakini watu wachache waliporuhusiwa kusajili chama, ghafla kila mmoja akawa mlinzi wa maadili, na mwaka huo huo wa 2023 mbunge Peter Kaluma akaleta muswada wa kuilinda familia. Moyo wa Kaluma siujui, na huenda anasema anachokiamini; ninalolihoji ni Bunge zima kuipata bidii yake yote siku anapopatikana mtu asiye na kura za kumtisha.

Tazama pia jinsi maneno yanavyobadilika kulingana na wasikilizaji. Mei 2015 Ruto, akiwa Naibu wa Rais, alisema kanisani kwamba Kenya haina nafasi ya mashoga. Miezi miwili baadaye Rais Kenyatta, akiwa amesimama na Obama jijini Nairobi, alisema hilo kwa Wakenya si suala. Septemba 2022 Ruto, sasa akiwa Rais, alipoulizwa na televisheni ya Marekani alijibu kwamba hataki kukuza jambo ambalo si kubwa. Kwa hiyo mbele ya mgeni jambo ni dogo, na mbele ya waumini ni kubwa kupita bei ya unga. Mgeni naye usimdhanie kuwa msafi: Obama aligombea mwaka 2008 akisema ndoa ni ya mume na mke, na mshauri wake David Axelrod baadaye aliandika kwamba aliificha rai yake halisi kwa kuwahofia wapiga kura.

Wanaposema ushoga si mila yetu, waulize sheria wanayoishika imetoka kwa nani. Ni Mwingereza aliyetuletea, naye akaanza kuiondoa kwao mwaka 1967.

Sasa nije kwenye dini, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipo. Februari 2015 vijana wawili walikamatwa Ukunda, hapa kwetu Kwale, wakapelekwa hospitali ya Mombasa, wakalazwa na kupekuliwa tupu zao ili serikali ipate ushahidi, na damu yao ikapimwa virusi. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona ubaya. Mahakama ya Rufaa, Machi 2018, ikasema utu wao ulivunjwa. Mwanangu, mimi nimesoma dini inayotaka mashahidi wanne walioona kwa macho kabla ya mtu kutiwa hatiani kwa zinaa, inayokataza kupeleleza aibu za watu, na inayomhukumu msingiziaji kwa viboko. Ni wapi iliporuhusu kumvua mtu nguo na kuutafuta ushahidi ndani ya mwili wake? Ninakiona kitendo kile kuwa dhambi, na nikiulizwa na yeyote nitasema hivyo hivyo. Lakini dhambi ya mtu haimwondolei haki ya kwenda mahakamani, kutibiwa kwa heshima, wala kukaa na wenzake wakapanga namna ya kujitetea. Nikisema haya msikitini na nikiyasema nyumbani kwa wajomba zako, maneno ni yale yale.

Kaluma aliiomba Mahakama ya Juu ipitie upya hukumu yake, ikamkatalia Septemba 2023. Mbunge wetu atakuja kuomba kura mwaka 2027, na najua atalitaja jambo hili, maana halimgharimu kitu. Nitanyoosha mkono nimuulize kuhusu ile theluthi mbili. Ukiweza kuja nyumbani siku hiyo, njoo tukae pamoja, na swali la pili uliulize wewe.

Wako,
Babako