Mbwa wanne Moshi mjini: nilivyopata barua ya mtaa

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye mbwa wanne anatakiwa kuomba ruhusa mtaani au afuge tu kimyakimya. Mimi nilifuga kimyakimya, nikaitwa.

Nilianza na jike mmoja baada ya kuibiwa kuku mara mbili. Akazaa, watoto watatu wakakosa wa kuwachukua. Siku moja balozi wa nyumba kumi akaja: mwenyekiti wa mtaa ananihitaji ofisini. Nikaenda nimejiandaa kubishana kuhusu idadi, kumbe swali la kwanza lilikuwa, "Kadi za chanjo ziko wapi?" Nilikuwa na moja, ya mama mtu, na mwaka ulishapita. Nikawa mpole.

Kwa hiyo usianze na barua ya kuomba ruhusa, anza na afisa mifugo wa kata. Kichaa cha mbwa dalili zikishamtokea binadamu, kupona ni nadra mno, ndiyo maana wanakomaa na chanjo. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sikiliza matangazo, mara nyingi kunakuwa na chanjo za bure. Mpaka huyo afisa aje kwako, mbwa wako wote wawe na kadi.

Wangu alikuja akazunguka uzio. Mimi nilikuwa najivunia michongoma yangu. Yeye akainama akanionyesha matobo ambayo hata mbuzi anapita. Nikaweka seng'enge kwa chini, nikajenga banda la mabanzi lenye sakafu ya zege. Mnyororo wa kutwa nzima aliukataa. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na mbwa aliyefungwa muda wote anabweka zaidi. Hilo la pili nimelithibitisha mwenyewe.

Barua ni nusu ukurasa tu: kwa mtendaji wa mtaa, kupitia kwa mwenyekiti, ukiambatanisha nakala za kadi na saini za majirani. Kuna mtu aliniomba "hela ya mhuri". Nilipoomba kontroli namba na risiti, mhuri ukagongwa bure. Wewe uko Arusha, ulizia sheria ndogo za halmashauri yako, zinaweza kutofautiana na za huku.

Kazi ilikuwa kwenye saini. Mzee wa nyumba ya mbele ndiye aliyenishtaki, na haki alikuwa nayo. Akaniambia, "Mwanangu, mbwa wako sina ugomvi nao, ila alfajiri wananirukia, narudi ndani kubadili kanzu na kutawadha upya." Miezi yote hiyo nilidhani kero ni kelele! Nikahamishia banda nyuma, na mpaka leo nawafungia kabla ya adhana, natoka na tochi hata mvua ikinyesha. Nilikaa wiki mbili bila kumgusia habari ya barua. Ya tatu akaniita mwenyewe, akasaini.

Mama wa upande wa kulia alisaini bila maneno. Wa kushoto alisaini kwa sharti la kupewa mtoto wa mbwa uzao ujao. Ananidai mpaka leo, maana afisa mifugo alinishauri nimfunge jike kizazi, nikamfunga.