Futa Safu ya Kiingereza: Kinorwe Nimekipata kwa Kiswahili Changu

Wiki iliyopita majibu ya mtihani wa Kinorwe yalitoka. Kusoma B2, ngazi ya nne kati ya sita za kupimia lugha Ulaya, kusikiliza B2, kuzungumza B2. Na kuandika, kule kulikonitesa mara mbili mfululizo, B2. Nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, hapa Bergen, Norwe, nimevaa kiatu kimoja. Nikakaa chini nikalia. Mwenzangu aliyeingia alidhani nimepata msiba.

Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa kijana mmoja wa Mwanza, aliyepewa kibali cha kumfuata mkewe Stavanger. "Shikamoo dada. Nimeandaa maneno na misemo 60 ya Kiingereza ya kila siku. Naomba unijazie Kinorwe chake ili nikifika nisihangaike." Orodha ilianza na "please", ikafuata "full", "eventually", "I think". Mdogo wangu, mwili ulinisisimka. Orodha hiyo niliwahi kuiandika mimi, kwa mkono, kwenye kaunta buku, mwaka niliofika.

Wengi mnaonisoma mna ndoto kama niliyokuwa nayo, kwa hiyo nitasema yote, na yale yanayoniuma.

Nilifundisha Kiingereza miaka 6, sekondari moja mkoani Morogoro. Nilikipenda, kikanipa heshima. Na nilikuwa mmoja wa walimu waliomwadhibu mwanafunzi aliyekutwa akiongea Kiswahili eneo la shule. Kufagia uwanja, kuchota maji. Niliamini kwa moyo wote kwamba nawasaidia. Nilipotua Norwe nikajua safari yangu ni fupi, kwa sababu Kinorwe na Kiingereza ni lugha za ukoo mmoja na maneno mengi yanafanana usoni: hus, bok, arm, finger. Kiswahili nikakiacha sandukuni pamoja na vitenge.

Kufanana kule ndiko kulikoniponza.

Mwezi wa tatu tangu nifike, jirani yetu, mama mtu mzima, alitualika chakula cha jioni. Alikuwa amepika fårikål, nyama ya kondoo na kabichi, chakula cha majira ya vuli. Alipotaka kuniongeza, nikaziba sahani kwa kiganja na kusema kwa kujiamini: "Nei takk, jeg er full." Kichwani nilikuwa nimesema "I'm full". Mezani ikasikika nimelewa. Wote walicheka, na mtoto wao akawa anairudia sentensi yangu mpaka tunaaga. Leo naelewa kwamba walicheka kwa upendo, lakini usiku ule nilijifungia bafuni. Neno nililolihitaji lilikuwa "mett". Jeg er mett: nimeshiba. Mswahili ana neno la kushiba na ana neno la kulewa, na Mnorwe vivyo hivyo. Mwingereza ndiye anayesema amejaa, kama ndoo, na mimi nikaazima ndoo yake.

Hiyo ilikuwa aibu tu. "Eventuelt" ndiyo iliyonivunja moyo. Nilikwenda kwenye usaili katika shule moja ya chekechea, dakika 40, ukaisha kwa tabasamu. Jioni wakaniandikia: "Vi tar eventuelt kontakt til uka." Nikausoma kwa macho ya mwalimu wa Kiingereza. "Eventually", hatimaye. Yaani hatimaye watanitafuta wiki ijayo! Nikampigia mama simu Morogoro, nikamwambia nimepata kazi. Kesho yake nikakataa zamu za usafi nilizokuwa nimepewa hotelini, kwa sababu mwalimu mzima nilishaona nimevuka hapo.

"Eventuelt" maana yake ni "ikibidi", "kama itatokea". Walichoniambia ni kwamba huenda wakanitafuta, huenda wasinitafute. Nilishika simu wiki 3. Zamu za hotelini zilishachukuliwa na mwingine, na mama alishawaambia akina shangazi wote. Neno hilohilo utalikuta mwisho wa ajenda za vikao vya huku, mahali ambapo sisi tunaandika "mengineyo". Hadi leo nikiliona hapo kifua kinanibana.

Na saa. Mwenye uzoefu wa Kiingereza cha Uingereza anajua "half three" ni saa tisa na nusu. Mnorwe akisema "halv tre" anamaanisha nusu ya kuiendea saa tisa, yaani saa nane na nusu. Nilifika kwa daktari saa nzima baada ya miadi. Miadi yenyewe wanaiita "time", na wala haitamkwi kama ya Kiingereza.

Mtihani wa kwanza wa kuandika nikapata B1, ngazi moja chini ya B2. Wa pili, B1. Nilichoandika kilikuwa Kiingereza kilichovaa nguo za Kinorwe, na wasahihishaji walikiona.

Mambo yalibadilika nilipoanza kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, sykehjem. Kulikuwa na bibi mmoja aliyezidi miaka 90, hajui Kiingereza hata chembe, kwa hiyo nikawa sina pa kukimbilia. Jumamosi moja nilimpelekea uji mzito wa mchele, sukari na mdalasini juu, na kipande cha siagi katikati kikianza kuyeyuka. Akakigusa kwa ncha ya kijiko akasema: "Smørøyet." Jicho la siagi. Akanieleza taratibu, huku siagi ikienea na kung'aa kwenye uji, kwamba mtu aliyepata pazuri pa kukaa, mambo yote yakamnyookea, wanasema yuko "midt i smørøyet", katikati kabisa ya jicho la siagi. Nikakitafuta Kiingereza chake kichwani. Hakikuja. Kikaja Kiswahili, nikakisema kwa sauti bila kukusudia: anakula kuku kwa mrija.

Bibi akataka nimtafsirie. Nikamtafsiria, kuku na mrija. Aliweka kijiko chini akanishika mkono.

Jioni hiyohiyo akanisimulia habari za "mormor" wake. Mor ni mama, mormor ni mama wa mama. Farmor ni mama wa baba. Kiingereza kinawachanganya wote wawili kwenye "grandmother", wakati sisi tuna bibi mzaa mama na bibi mzaa baba tangu enzi. Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari jipya, nikachora mstari mmoja katikati. Kushoto Kiswahili, kulia Kinorwe.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaniangusha kwenye insha. Kiingereza kina "I think" moja kwa kila jambo. Kinorwe kina "jeg synes", "jeg tror" na "jeg tenker", na nilikuwa nazichanganya kama karata. Lakini sikiliza. Umeonja mchuzi, unasema: naona umekolea chumvi. Hiyo ni "jeg synes". Hujaonja, unakisia tu: nadhani umekolea chumvi. Hiyo ni "jeg tror". Umekaa dirishani unawaza: "jeg tenker". Ukimwambia muuguzi "jeg tror hun har feber", anajua unadhani tu na hujapima joto. Naona, nadhani, nawaza. Nimezaliwa nazo, nikaenda kuzitafuta kwa jirani asiyekuwa nazo.

"Please" nayo. Nilikuwa naingia duka la mikate, nataka skillingsbolle, ile mikate ya mdalasini ya hapa Bergen, na kila sentensi naifunga na "vær så snill" kwa sababu kitabu kilisema ndiyo "please". Muuzaji ananitazama kwa huruma. "Vær så snill" ina uzito wa "nakusihi". Dukani Mnorwe husema "kan jeg få", naweza kupata, au hutaja kitu na kumalizia na "takk", asante. Sisi tukiwa dukani kwa Mangi tunasema nini? Naomba chumvi. Naomba unga nusu. Anza na "naomba", utaifikia "kan jeg få" bila kujikwaa. Na atakayekushukuru usimwambie "du er velkommen" ukifikiria "you're welcome". Sema "bare hyggelig".

Siku niliyoumwa nilimwandikia bosi "jeg er litt under været", nikiwa na "under the weather" kichwani. Akaniuliza kama nimekwama kwenye mvua. Ningeanza na "sijisikii vizuri", ingetoka "jeg føler meg ikke bra", neno kwa neno, safi.

Misemo ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mwingereza anauziwa nguruwe ndani ya mfuko. Mnorwe ananunua paka, "kjøpe katta i sekken". Mtanzania anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukitafsiri nguruwe wa Kiingereza kwenda Kinorwe, utaeleza mpaka ukauke koo. Ukiuliza "mbuzi wao ni nani?", utamkuta paka. Wao huua nzi wawili kwa pigo moja, "slå to fluer i én smekk", hawaui ndege kwa jiwe. Mtu asiyeficha neno huongea moja kwa moja kutoka kwenye ini, "rett fra levra", nasi tunajua maneno makali yanavyokata maini.

Sisemi Kiswahili kitakubeba kila mahali. Ukiulizwa "har du ikke spist?", hujala, nawe umekula, jibu ni "jo", wala si "ja", na mazoea ya kwetu hayakusaidii hapo. Na "pole na kazi" sijaipatia mwenzake mpaka leo. Naikosa kila nikitoka zamu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo. Andika Kiswahili kwanza. Neno likikushinda fungua Bokmålsordboka, kamusi ya Kinorwe, ipo bure mtandaoni, usome mfano wa sentensi, kisha ujiulize: mama yangu angesemaje hapa? Andika hivyo. Ukikwama, rudi kwenye Kiswahili. Basini Bergen utasikia "eg" badala ya "jeg" uliyofundishwa darasani. Usitishike, utazoea.

Na nyinyi wazazi wenzangu mlioko Oslo, Trondheim na kwingineko, mnaowaambia watoto waache Kiswahili nyumbani ili Kinorwe kiingie, nawaomba muache. Mimi nilikizima Kiswahili vinywani mwa watoto wa watu kwa miaka 6. Kuna wanafunzi wangu wanaosoma hapa, najua. Mliofagia uwanja kwa sababu yangu, nisameheni. Hamkuwa na kosa. Lugha mliyokuwa mnaongea chini ya ule mwembe ndiyo iliyoniingiza kwenye Kinorwe, baada ya Kiingereza, lugha niliyowalazimisha, kunifungia mlango mara mbili.

Mdogo wangu wa Mwanza, orodha yako nimekurudishia leo asubuhi. Sijaijaza. Nimefuta safu ya Kiingereza yote, maneno 60, nikaacha mistari mitupu. Kwenye mstari wa kwanza nimekuandikia "naomba". Jaza Kiswahili hayo 59 yaliyobaki, unitumie kabla ya Jumapili. Nina zamu ya jioni siku hiyo, nikitoka tutaanza na Kinorwe.